Alikamatwa Amelala, Akashtakiwa kwa Kusafirisha

Mdogo wangu alikamatwa Jumatano moja ya Agosti 2022, alfajiri, akiwa amelala kwenye chumba alichopanga Gungu, hapa Kigoma, pamoja na mwenzake wa kijiwe cha bodaboda. Chini ya kitanda cha mwenzake kulikutwa kiroba cha bhangi. Mwenzake usiku ule hakulala nyumbani, na hadi leo ninapoandika hatujui aliko. Siku sita baadaye, mahakamani, shtaka likasomwa: kusafirisha dawa za kulevya aina ya bhangi, uzito wa kilo 4.3.

Nilikuwa benchi la nyuma. Nikamnong'oneza mama niliyekaa naye: "Kasafirisha kwenda wapi? Si walimkuta kitandani?" Yule mama akaniangalia tu. Mimi kwa ujinga wangu nikafurahi. Nilidhani wameandika kosa ambalo hawawezi kulithibitisha, na kesi itajifia yenyewe. Nikatoka pale nimetulia kabisa, nikarudi Mwanga sokoni kuuza mawese yangu.

Furaha ile ilinigharimu wiki tatu. Neno "kusafirisha" kwenye Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 si neno tunalolijua sisi wa stendi na bandarini. Sheria imelipa tumbo kubwa: ndani yake mmo kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, hata kuwa nazo tu. Mtu anaweza kusafirisha bila kuinuka kitandani. Kifungu cha mtu aliyekutwa na kiasi kidogo kwa matumizi yake mwenyewe kipo, na adhabu yake ni faini au kifungo, lakini mwenye kilo nne asikitegemee. Kwa uzito ule adhabu iliyoandikwa ni kifungo cha miaka 30. Mzigo ukiwa mkubwa zaidi ni maisha. Mdogo wangu alikuwa na miaka 24.

Niseme na hili mapema, kwa sababu watu huniuliza wakiona aibu. Ndiyo, mdogo wangu alikuwa akivuta. Niliijua harufu kwenye shati lake na nilimgombeza mara nyingi. Kuhusu kiroba kile aliniapia kwamba si chake, na mimi nimechagua kumwamini. Ila kumwamini ndugu hakukusaidii kitu mbele ya hakimu. Kinachosaidia ni karatasi.

Pesa yangu ya kwanza sikuipeleka kwa wakili. Niliipeleka kwa mtu. Kila mji una huyu mtu: ana simu mbili, anawajua "wakubwa", na anakuita pembeni. Aliniambia faili bado bichi, likishafika mahakamani haliwezi kurudi, kwa hiyo tuwahi. Nikampa 350,000, bei ya madumu manne ya mawese kwa msimu ule. Faili likaenda mahakamani kama lilivyokuwa linakwenda. Nilipompigia akasema kuna mtu wa juu zaidi hajashiba. Siwezi kumshtaki popote, maana nikisema nilimpa pesa ya nini nitakuwa najishtaki mwenyewe. Rushwa ni kosa kwa anayepokea na kwa anayetoa, na mimi nilikuwa nakaribia kuingia mahabusu kumfuata mdogo wangu.

Pesa ya pili ilikwenda kwa mwanamume aliyevaa suti ya kijivu, niliyekutana naye nje ya mahakama. Alijitambulisha kama wakili. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la fotokopi. Alizungumza vizuri, akataja vifungu kwa namba, akaniambia, "Mama, hii kesi nyepesi, mwezi mmoja kijana yuko nyumbani." Nikatoa 600,000 bila risiti. Siku kesi ilipotajwa, hakimu akauliza kama mshtakiwa ana wakili. Nikageuka kumtazama wangu. Alikuwa ameketi kwetu huku nyuma, pamoja na ndugu za washtakiwa, anachezea simu. Hakusimama. Mdogo wangu akiwa kizimbani ananiangalia mimi, mimi namwangalia yule bwana, yule bwana anaangalia simu.

Huyo ndiye wanayemwita wakili kishoka. Kumgundua si kazi kubwa, ningejua tu. Wakili wa kweli husimama, hujitaja jina, na hakimu huandika kwamba yupo. Ana muhuri na ana leseni anayoihuisha kila mwaka. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili, unaandika jina na unaona kama mtu huyo ni wakili na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Hili nililijua kupitia mteja wangu wa mawese, mama mmoja ambaye ni msaidizi wa kisheria kwenye kata yetu. Alinikuta nalia juu ya meza ya madumu. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hawatozi pesa. Hawawezi kumtetea mtu mahakamani, lakini wanaweza kukueleza uko wapi na uelekee wapi. Aliandika jina la yule bwana kwenye simu yake mbele yangu. Hakuwemo.

Ni yeye pia aliyenieleza kwamba mshtakiwa asiye na uwezo kabisa anaweza kumwomba hakimu aelekeze apewe msaada wa kisheria. Ombi hilo lisemwe mapema, na lisemwe na mshtakiwa mwenyewe kwa mdomo wake. Mdogo wangu aliogopa kufungua mdomo. Alidhani mahakamani lazima uongee Kiingereza, wakati tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Sisi tulikuwa na pikipiki ya kuuza, basi tukaamua kumtafuta wakili wa kujitegemea.

Nilizunguka ofisi tatu. Wa kwanza alikuwa mkweli, Mungu ambariki. Alisema yeye ni wa mashamba na mirathi, kesi ya jinai angeichukua kwa kuhitaji pesa tu, akanishauri niende kwingine. Wa pili aliniahidi ushindi kabla hajasoma karatasi yoyote, na mimi nilikuwa nimeshaumwa na nyoka, nikaaga. Wa tatu alikuwa mwanamke wa rika langu. Nilipoanza kulia na kusimulia jinsi mdogo wangu alivyo mtoto mzuri, alinisubiri nikamaliza, akauliza: "Dada yangu, hati ya ukamataji iko wapi?"

Sikujua hati hiyo ni nini. Akanieleza. Polisi wakipekua na kuchukua kitu, wanatakiwa kuandika walichokichukua, wapi na saa ngapi, na karatasi hiyo isainiwe na aliyepekuliwa na mashahidi waliokuwepo. Akauliza mwenyekiti wa mtaa alikuwepo? Mdogo wangu alisaini wapi? Alisomewa kabla ya kusaini? Uzito uliandikwa pale pale, au mzani ulikuwa kituoni? Nilikuwa na jibu la swali moja tu: alisaini. Alisaini kwa tochi ya simu, bila kusoma, kwa sababu aliambiwa ni ya kuhesabu vitu.

Gharama yake ilikuwa 2,500,000 kwa kesi nzima hadi hukumu, kwa awamu tatu, na kila awamu na risiti. Aliandika kwenye mkataba kwamba rufaa haimo. Niliona ni ukatili kutaja rufaa hata kabla hatujaanza. Sasa naona ndiyo uungwana wenyewe. Pikipiki ikauzwa 1,600,000, nyingine tukachanga: mjomba wa Kasulu, wifi, na kikundi chetu cha akina mama ambacho nilikuwa bado nadaiwa.

Dhamana niipitie haraka, ingawa haikupita haraka. Kuna uzito wa bhangi ambao ukifikiwa, sheria inafunga mlango wa dhamana kabisa. Sisi tulikuwa chini yake. Masharti yalikuwa wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, kila mmoja na bondi ya milioni tano. Bondi si pesa ya kulipa, ni ahadi ya kulipa mshtakiwa akitoroka. Hilo tu kulieleza kwa ndugu zangu lilichukua siku nne, na mjomba mmoja akakataa hata baada ya kueleweshwa, akisema kijana wa pikipiki akivuka Burundi yeye atauza shamba. Sikumlaumu. Kutoka kukamatwa hadi kutoka kwa dhamana zilipita siku 29.

Akiwa mahabusu ndipo alipopewa ushauri mbaya kuliko wote. Wenzake walimwambia: "Kiri. Wanaokiri wanahurumiwa, utapigwa faini." Alikuwa tayari kukiri kikao kinachofuata. Wakili alipopata habari alikwenda gerezani siku hiyo hiyo. Alimwambia kwamba kwa shtaka lile hakuna faini ya kuhurumiwa nayo, na aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hawezi kwenda kwenye rufaa kupinga kutiwa hatiani, anaweza kulalamikia adhabu tu. Ningekuwa bado na yule wa suti ya kijivu, mdogo wangu angekiri.

Mwezi wa tano tangu kukamatwa, wakili wa Serikali alisimama akasema hawana nia ya kuendelea na shauri. Hakimu akamwondolea mdogo wangu mashtaka. Nikapiga vigelegele. Nilipiga hadi karani akaja kuninyamazisha. Nikavua khanga nikamfunika mdogo wangu mabegani kama bwana harusi, tukatoka nje, na hatua chache kutoka mlangoni wakamkamata tena. Kumbe hati ya kwanza ya mashtaka ilikuwa na kasoro ya tarehe. Waliiondoa ili walete nyingine. Wakili wetu alikuwa amejaribu kunishika mkono pale ndani lakini nilikuwa sisikii. Kuondolewa mashtaka si kuachiwa huru. Ni sawa na kutolewa nje ya chumba huku ufunguo unabaki kwao. Dhamana ikaanza upya, barua za mtaa upya, na safari hii mwenyekiti aliniuliza kama bado nina nguvu.

Kesi yenyewe ilipoanza kusikilizwa, sikuona yale niliyokuwa nikiyatarajia. Nilitaka wakili asimame aseme "kijana huyu hana hatia!" Hakusema hivyo hata siku moja. Alikuwa akiuliza maswali madogo madogo ya kuchosha. Kiroba kilifungwa na nini? Nani aliweka alama? Alama gani? Kilitoka Gungu kwenda kituoni kwa gari au kwa miguu? Kituoni alipokea nani? Aliandika kwenye daftari lipi? Kiroba kilipotoka kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kilibebwa na nani? Mimi nilikuwa nasinzia. Baadaye alinieleza kwamba Mahakama ya Rufani, kwenye rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, iliweka wazi kwamba lazima pawe na kumbukumbu zinazoonyesha kielelezo kilipitia mikono ya nani tangu kukamatwa, kutunzwa, kupimwa hadi kuletwa mahakamani. Kitu kama bhangi hubadilishwa au kuongezwa kirahisi, ndiyo maana mnyororo ule hautakiwi kukatika. Hukumu hizo zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII. Mpwa wangu wa sekondari alinisomea, maana nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza.

Kwetu mnyororo ulikuwa na pengo la siku 19. Kiroba kiliingia kituoni, na siku ya ishirini kikaonekana kinapelekwa kupimwa. Siku 19 hizo kilikuwa kwa nani hakuna aliyekuja kusema, na daftari halikuletwa. Hati ya ukamataji iliandika kilo 4.3, ripoti ya mkemia gramu 3,870. Wakili wa Serikali alisema bhangi hukauka, na hilo ni kweli, hata dagaa wangu hukauka. Lakini hakuna shahidi aliyelisema hilo akiwa kizimbani. Na shahidi huru aliyesaini hati hakuletwa.

Kilichoniogopesha zaidi kilikuwa maelezo ya onyo. Hayo ni maelezo ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Mdogo wangu alitaka kuonekana mtu wa ushirikiano. Alisema: "Mimi nilijua ana vitu vyake." Maneno matano. Kwenye sheria, kumiliki kitu kunabebwa na mambo mawili, kujua kwamba kipo na kuwa na mamlaka juu yake. Kuna uamuzi wa mwaka 1987 unaosema hivyo. Yale maneno matano yalikuwa yanawapa nusu ya kazi yao bure. Alikuwa na haki ya kunyamaza, na alikuwa na haki ya kuomba ndugu au wakili aitwe kabla ya kuhojiwa. Hakuomba kwa sababu hakujua, na mimi nilikuwa nje ya geti la kituo nikimtafuta yule mwenye simu mbili.

Hapo ndipo ile hati aliyoisaini kwa tochi ilipogeuka. Ilikuwa imeandika saa: saa 10:40 alfajiri, Jumatano. Maelezo ya onyo yaliandikwa Ijumaa mchana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu kukamatwa, na zaidi ya hapo lazima muda uwe umeongezwa kwa utaratibu. Haukuwa umeongezwa. Shahidi alipoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo, wakili wetu alisimama pale pale kupinga. Aliniambia baadaye kwamba angenyamaza wakati ule, kuja kulalamika kwenye majumuisho, yaani hoja za mwisho, isingekuwa na uzito ule ule. Hakimu alisikiliza pande zote, akaahirisha, akarudi baada ya wiki mbili na kuyakataa. Sikupiga vigelegele. Nilikuwa nimejifunza.

Mshtakiwa alionekana ana kesi ya kujibu, akajitetea kwa dakika zisizozidi ishirini, hukumu ikapangwa, ikaahirishwa mara mbili. Ilisomwa Machi 2024. Hakimu alisema ameshindwa kujiridhisha kwamba kilicholetwa mbele yake ndicho kilichotolewa chini ya kile kitanda, na kwamba chumba kilikuwa cha watu wawili, na upande wa mashtaka haukuonyesha kwamba kiroba kilikuwa cha huyu. Akamwachia huru.

Nilihesabu baadaye. Mwenye simu mbili, kishoka, wakili, nauli za ndugu kutoka Kasulu, vyakula vya gerezani, barua, fotokopi: karibu milioni nne na nusu. Karibu milioni nzima kati ya hizo ilikwenda kwa watu wawili wa kwanza, ndani ya siku kumi, wakati ambapo saa zile nne zilikuwa zimeshapita na hakuna aliyekuwa amezihesabu. Watu huniuliza niliwezaje kumpata wakili mzuri. Nilimpata kwa kuchelewa.

Siku ya hukumu, tukiwa bado uani, wakili alitusogeza chini ya mwembe akatuambia tusifanye sherehe. Upande wa Serikali nao una haki ya kukata rufaa, na una siku 30 za kutoa taarifa ya kusudio hilo. Zamani ningeambiwa ni Tabora; siku hizi Mahakama Kuu ipo hapa hapa Kigoma. Nikachukua kalenda ya duka la jirani nikaanza kukata siku kwa kalamu nyekundu. Mdogo wangu alilala sebuleni kwangu siku zote hizo, na gari lolote likipunguza mwendo barabarani usiku nilikuwa nasikia godoro lake linalia.

Siku ya thelathini na moja wakili alikwenda kuuliza masjala. Akanipigia mchana, nikiwa nampimia mteja mawese: hakuna taarifa iliyoletwa. Nikamalizia kupima.

Chumba cha Gungu hakurudi. Kitanda chake bado kiko kule. Mwenye nyumba anataka kwanza alipwe kodi ya miezi ile yote, na tunabishana naye kama ihesabiwe ya mtu mmoja au wawili.